KRT10 imeamka, lorikrini bado imelala: keratinositi zimekwama wapi?

Seli_na_Sahani (mwuliza swali)

Wadau, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaojua udhibiti wa jeni kwenye seli za ngozi.

Nakuza keratinositi (seli zinazojenga tabaka la juu la ngozi) za binadamu zilizotoka kwenye govi la watoto wachanga, pasaji ya 5 (zimehamishwa sahani mara tano), kwenye maji ya lishe yasiyo na seramu, kalsiamu 0.06 mM. Natoa seli kwa tripsini (kimeng'enya kinachozibandua), nazima tripsini kwa DMEM (maji ya lishe ya kawaida) yenye seramu ya ndama asilimia 10, kisha nazigawa moja kwa moja kwenye sahani za visima sita. Zikifunika kama nusu ya kisima naongeza CaCl₂ hadi 1.2 mM. Nakusanya siku ya 0, 1, 2 na 3.

Kwa qPCR (kipimo cha kiasi cha RNA ya jeni), KRT10, jeni ya keratini ya seli zinazoanza kukomaa, inapanda tangu siku ya 1 na kuendelea, involukrini nayo inapanda. KRT14, ya seli za chini ambazo hazijakomaa, inashuka kidogo tu. Lorikrini na filagrini, za hatua ya mwisho, ndizo zinanitoa jasho: Ct (idadi ya mizunguko kabla ishara haijaonekana; ikiwa kubwa, RNA ni kidogo) iko juu ya 35 siku zote, na sampuli zisizotiwa kimeng'enya cha RT (kinachogeuza RNA kuwa DNA) zinatoa karibu Ct ileile. Jeni ya kulinganishia ni GAPDH peke yake. Kwa western (kipimo cha protini) nayo ni bure, lorikrini haipo, filagrini haipo. Nayeyusha seli kwa RIPA (bafa yenye sabuni), nazungusha kwa 14,000 g, natumia maji ya juu.

Maswali yangu matatu. Kwanza, KRT10 na lorikrini si zote ni jeni za kukomaa? Ni kitu gani kinaruhusu moja na kuzuia nyingine? Pili, p63 (protini inayodhibiti jeni za ngozi) bado ipo kwa wingi siku ya 3, je ndiyo inayozuia? Tatu, nikihamia HaCaT (keratinositi zinazogawanyika bila kikomo) mambo yatakuwa mepesi?

---

Mzee_wa_Kromatini

Mkuu, swali lako la kwanza ndilo lenye nyama, ngoja nianze nalo.

KRT10 na lorikrini ziko kwenye foleni moja, lakini moja iko mlangoni na nyingine iko nyuma kabisa. Ukisema "jeni za kukomaa" kama kundi moja utapotea. Kuna angalau hatua mbili, na kila hatua ina walinzi wake.

Seli ikiwa bado kwenye tabaka la chini, imeshikilia utando wa msingi, bwana mkubwa wake ni p63, hasa umbo fupi liitwalo ΔNp63. Hilo ndilo linaloiambia seli kwamba wewe ni ngozi, si kitu kingine. Linashirikiana na protini ya AP-2 kufungua vipande vya DNA vinavyochochea jeni kutoka mbali, na KRT5 pamoja na KRT14 zinasomwa kwa amri yake. Mwaka 1999 maabara mbili zilitengeneza panya wasio na p63. Walizaliwa bila ngozi yenye matabaka na miguu haikukamilika, wakafa muda mfupi kwa kupoteza maji. Linganisha na panya waliokosa lorikrini yenyewe: huzaliwa ngozi ikiwa nyekundu na inang'aa, kisha baada ya siku chache hali inatengemaa kwa sababu protini nyingine zinaziba pengo. Ukikosa tofali moja, ukuta unasimama. Ukikosa fundi, hakuna ukuta.

Hatua ya kwanza ya kupanda ni Notch, njia ya seli jirani kupeana ishara. Seli inapoachia utando wa msingi na kusukumwa juu, kipokezi cha Notch kinakutana na mshirika wake aliyeko juu ya seli jirani. Kinakatwa, kipande cha ndani kinaingia kwenye kiini, p21 inapanda na kusimamisha mgawanyiko, KRT1 na KRT10 zinaamka. Hapo seli iko kwenye tabaka la miiba. Angalia neno "jirani". Notch haifanyi kazi vizuri kama seli hazigusani, kwa hiyo sahani iliyojaa nusu ni mwanzo mbaya. KRT10 yako imepanda, ndiyo, lakini huenda ni kwenye visiwa vya seli zilizosongamana tu, na katikati ya visiwa hivyo zipo seli zinazoendelea kugawanyika. qPCR inakupa wastani wa kisima kizima. KRT14 "inayoshuka kidogo tu" inaashiria hilohilo.

Hatua ya pili ni ya tabaka la chembechembe, na hapa ndipo umekwama. Lorikrini na filagrini zinakaa kwenye mtaa mmoja wa kromosomu ya 1, eneo la 1q21, urefu wa kama besi (herufi za DNA) milioni mbili hivi, wenye jeni zaidi ya 50 za kujenga ukuta wa ngozi. KRT10 haiko huko, iko kromosomu ya 17, na mwenzake KRT1 yuko ya 12. Kwenye seli ya chini mtaa huo wa 1q21 umefungwa makufuli kadhaa. Moja ni la EZH2, kimeng'enya kinachobandika vikundi vya methili kwenye histoni ya H3, nafasi ya 27. Panya waliotolewa EZH2 kwenye ngozi walijenga ukuta kabla ya wakati, kwa sababu AP-1 (protini inayowasha jeni) ilipata nafasi ya kutua kwenye jeni hizo mapema. Kadiri seli inavyopanda, EZH2 inapungua, na JMJD3 inafanya kazi ya kubandua yale yaliyobandikwa. Kufuli lingine ni DNMT1, linalolinda methili kwenye DNA yenyewe. Hilo nalo hupungua seli ikipanda.

Kisha kuna mahali penyewe ndani ya kiini. Kwenye panya, kabla ya kuzaliwa, mtaa huu huhama kutoka pembezoni mwa kiini kwenda sehemu za ndani zenye pilikapilika za unukuzi, yaani kusomwa kwa jeni. Anayeusukuma ni BRG1, na anayeupanga ni SATB1, na wote wawili wanaamriwa na p63. Umeona mtego? Huyo p63 unayemshuku ndiye aliyetandika njia.

Kufuli likifunguka, bado wanatakiwa wasomaji, yaani protini zinazowasha jeni: KLF4, GRHL3, ZNF750, MAF na MAFB. Panya wasio na KLF4 wana matabaka yanayoonekana karibu ya kawaida kwa macho, ila ukuta unavuja na wanakufa baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo kabla hujalaumu lorikrini, pima KLF4, GRHL3 na ZNF750. Zikiwa chini, seli hazijafika hatua ya pili. Zikiwa juu na lorikrini bado haipo, nitashuku vipimo vyako.

Angalizo dogo: involukrini nayo iko 1q21 lakini huwahi kuamka, kama ulivyoona mwenyewe. Kwa hiyo usichukue kwamba mtaa wote hufunguka kwa ufunguo mmoja siku moja.

---

Pipeti_Kavu

Nakubaliana na mzee. Kwa upande wa p63 jibu ni fupi: ishushe kwa siRNA (RNA fupi inayozima jeni), seli zitakomaa zenyewe. Si ndiyo inayozishikilia chini?

---

Mzee_wa_Kromatini

Hapana ndugu, hapo tusimpotoshe mwuliza. Ukiipiga p63 kwa siRNA mapema, seli zinaacha kugawanyika, lakini hazikomai. Ukizijenga kwenye mfumo wa matabaka unapata ngozi nyembamba isiyopangika, na alama za kukomaa nazo hupungua. ZNF750 inategemea p63 ili ianze kuandikwa, na ZNF750 ndiyo inayoipandisha KLF4. Ukikata mzizi unategemea tunda gani?

p63 inatakiwa ishuke taratibu, baada ya kazi yake kuisha. Mojawapo ya njia za mwili ni miR-203, kipande kidogo cha RNA ambacho kwenye tabaka la chini karibu hakipo, kisha kinapanda ghafla seli ikianza kupanda, kinashika mRNA ya p63 na kuizuia isitafsiriwe. Kwa hiyo p63 kubaki kiasi siku ya 3, kwenye sahani iliyoanza nusu tupu, si ajabu kabisa. Ukitaka kujua kama njia iko sawa, pima miR-203 sambamba. Na hakikisha kingamwili au praima zako (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) zinajua tofauti kati ya ΔNp63 na maumbo mengine. Kingamwili maarufu ya 4A4 inashika yote.

---

Tabaka_la_Miiba

Tuache nadharia kidogo, twende mezani. Dada/kaka Seli_na_Sahani, naona mambo manne kwenye utaratibu wako, na la kwanza pekee linatosha kuharibu jaribio.

DMEM ina kalsiamu 1.8 mM. Seramu ya ndama nayo ina zaidi ya 3 mM. Ukizima tripsini kwa mchanganyiko huo na kuugawa bila kuzungusha, mililita moja yake ndani ya mililita kumi inaongeza takriban 0.2 mM. Hata ukiondoa kiasi kinachonaswa na EDTA ya tripsini, "siku ya 0" yako haipo kwenye 0.06. Seli zimeshaonja kalsiamu kabla hujaanza kuhesabu siku. Zaidi ya hapo seramu inaleta retino, yaani vitamini A, na hii ni adui mkubwa wa lorikrini, filagrini na KRT1. Inajulikana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba vitamini A hubadilisha keratini zinazotengenezwa na seli hizi: asidi ya retinoiki hushika vipokezi vyake ndani ya kiini, na jeni za hatua ya mwisho zinazimwa. Zungusha seli kwa 200 g dakika 5, mwaga maji yote, zisuuze mara moja kwa maji yako ya lishe, ndipo uzigawe. Au tumia kizuizi cha tripsini cha soya badala ya seramu.

La pili ni pasaji. Ya 5 ni uzee kwa seli za kazi hii, hata za watoto wachanga. Tumia ya 2 au ya 3. Seli zilizochoka zinaacha kugawanyika kwa sababu ya uzee, na uzee si ukomavu. p21 inapanda kwenye hali zote mbili, usidanganyike nayo. Kwa darubini, zilizozeeka ni kubwa, zimetandazika kama chapati, zimetawanyika. Zinazokomaa hubanana, mipaka kati ya seli na seli inapotea machoni, kisha zinaanza kupandiana.

La tatu ni ujazo. Panda laki moja kwa kila sentimita mraba ya kisima, ziache usiku mmoja zishike, kesho yake zikiwa zimebanana kabisa ndipo ubadilishe kalsiamu. Wakati huohuo ondoa EGF na dondoo la pituitari kwenye maji ya lishe. EGF inaiambia seli igawanyike, wewe unaiambia ikomae, na mara nyingi EGF ndiyo inayosikilizwa kwanza.

La nne ni muda. Siku 3 zinatosha kwa KRT10 na involukrini. Lorikrini na filagrini za binadamu zisubiri siku ya 4 hadi ya 6. Kusanya siku 0, 1, 2, 4, 6. Badilisha maji kila saa 48, na maji mapya yawe tayari na kalsiamu kamili. Wapo wanaoweka 1.2 mM siku ya kwanza halafu wanabadilisha kwa maji ya kawaida ya 0.06, kisha wanashangaa seli "zimerudi utotoni".

Hesabu ya kalsiamu kwa kisima chenye mililita 2: unatoka 0.06 kwenda 1.2, pengo ni 1.14 mM, sawa na mikromoli 2.28. Kwa akiba ya 100 mM hiyo ni mikrolita 22.8. Changanya kwanza kwenye chupa ya maji ya lishe ukiitikisa polepole, usidondoshe akiba moja kwa moja juu ya seli. Inapotua, kalsiamu inakutana na fosfeti, unapata mchanga mweupe unaofanana na uchafu, na seli zilizo chini ya tone zinakufa.

Na soma lebo ya chupa ya CaCl₂. Yenye molekuli mbili za maji uzito wake wa moli ni 147, kavu kabisa ni 111. Gramu 1.47 za ile ya kwanza kwenye mililita 100 ndizo 100 mM. Ile kavu inavuta unyevu hewani haraka sana, na ukiwa Pwani chupa iliyofunguliwa mara kumi si kavu tena, hata kama lebo inasema hivyo.

Halafu usichukue namba za panya. Keratinositi za panya hutoa alama za kukomaa vizuri zaidi kwenye kalsiamu ya kati, karibu 0.12 mM, na ukizipeleka ghafla kwenye 1.4 zinaruka hatua za kati. Watu wengi huchanganya makala za panya na za binadamu, wanatoka na utaratibu usiomfaa yeyote.

---

Gel_ya_Usiku

Wenzangu wamesema seli. Mimi nina shaka na vipimo. Ct ya sampuli isiyo na RT ikilingana na yenye RT, huna lorikrini wala huna "kukosekana kwa lorikrini". Una DNA ya kiini kwenye RNA yako, basi.

Sababu ni umbo la jeni lenyewe. Sehemu yote ya lorikrini inayotafsiriwa kuwa protini iko kwenye eksoni (kipande cha jeni kinachobaki kwenye mRNA) moja, ya pili. Introni iliyopo (kipande kinachokatwa na kuondolewa) imekaa kabla ya hapo. Praima zote mbili zikikaa ndani ya eksoni ya 2, haziwezi kutofautisha mRNA na DNA. Weka ya mbele kwenye eksoni ya 1 na ya nyuma kwenye ya 2, tibu RNA kwa DNase (kimeng'enya kinachokata DNA), na rudia sampuli zisizo na RT mpaka ziwe tupu. Lorikrini imejaa glisini, kwa hiyo mfuatano wake una G nyingi mno. PCR ikigoma, tafuta bafa ya vipande vyenye G na C nyingi.

Filagrini ina kituko chake. Eksoni yake ya 3 ina zaidi ya besi 12,000, na ndani yake kuna marudio 10 hadi 12 yanayokaribia kufanana. Praima zikitua ndani ya rudio moja, zinatua kwenye yote. Weka ya mbele kwenye eksoni ya 2, ya nyuma mwanzoni kabisa mwa ya 3, kabla marudio hayajaanza.

GAPDH peke yake haitoshi. Seli inayokomaa inabadilisha hata matumizi ya sukari. Jaribu jeni tatu, RPLP0 ikiwamo, chagua zile zisizoyumba kati ya siku ya 0 na ya 6 kwenye seli zako wewe.

Sasa western. RIPA ni sawa kwa protini zinazoyeyuka, ila lorikrini na keratini si za kundi hilo. Umezungusha kwa 14,000 g, ukachukua maji ya juu, ukatupa mashapo. Mkuu, lorikrini yako imeenda kwenye ndoo ya taka! Yeyusha kisima chote kwa SDS asilimia 2 na DTT 100 mM, chemsha 95°C dakika 10, ipige kwa mawimbi ya sauti mpaka isivute kama kamasi, pakia yote bila kuzungusha. Au chukua mashapo ya RIPA uyeyushe kwa yurea 8 M, upakie pembeni ya maji ya juu uone tofauti mwenyewe. Lorikrini ya binadamu ni kilodaltoni 26. Kumbuka pia kwamba transglutaminasi ya 1 inazifunga lorikrini kwa vifungo ambavyo SDS wala DTT haivifungui. Kwenye seli zilizokomaa kupita kiasi, bendi inafifia kadiri ukuta unavyokamilika. Ukiona imepanda siku ya 4 halafu imeshuka siku ya 8, usikimbilie kusema jeni imezimwa. Tazama mRNA kwanza.

Filagrini huzaliwa kama mnyororo mrefu unaozidi kilodaltoni 400, kisha inakatwa kuwa vipande vya 37. Jeli ya asilimia 12 itakuonyesha vipande tu, mnyororo utabaki juu kwenye kisima. Tumia jeli ya asilimia 4 hadi 6 na hamisha protini kwenda kwenye utando kwa njia ya maji usiku kucha kwenye baridi, mkondo mdogo, metanoli kidogo. (Umeme ukikatika saa nane usiku, bendi kubwa ndizo zinazobaki nyuma. Weka UPS.)

Juu ya yote, pakia sampuli ya ngozi halisi kama kidhibiti chanya. Bila hiyo, "haipo" yako haina uzito.

---

Mwalimu_Chaki

Samahani kuingilia uzi. Nafundisha baiolojia kidato cha sita, na swali hili huja kila mwaka: kama kila seli ya mwili ina DNA ileile, kwa nini ngozi ya kiganja ni nene, haina nywele, na kwetu sisi ni nyeupe kuliko mgongo wa mkono, na tofauti hiyo haifutiki maisha yote? Kalsiamu ya mkono wote si ni moja?

---

Mzee_wa_Kromatini

Mwalimu, huingilii, umetoa mfano bora kuliko wangu. Jibu haliko kwenye keratinositi. Liko chini yake, kwenye fibroblasti (seli za tishu unganishi) za demisi, tabaka la ndani la ngozi.

Fibroblasti zinakumbuka mahali zilipozaliwa kwa jeni za HOX. Za ncha za mkono na mguu, yaani kiganja na unyayo, zimeiacha HOXA13 ikiwa macho, na kumbukumbu hiyo hubaki hata zikikuzwa kwenye sahani. HOXA13 inaamsha WNT5A, nayo inatoka nje na kuiambia keratinositi iliyo juu yake iandike KRT9, keratini inayopatikana kwenye viganja na nyayo. Fibroblasti hizohizo hutoa DKK1 kwa wingi. DKK1 inazuia njia nyingine ya Wnt (familia ya ishara ambayo WNT5A ni mmoja wake) kwenye melanositi, seli za rangi; MITF, msimamizi wao, inashuka, melanositi zinapungua na kutengeneza melanini kidogo. Hapo ndipo weupe wa kiganja unapotoka.

Ushahidi mzuri wa darasani ni wa kuchanganya tabaka. Chukua keratinositi za sehemu nyingine ya mwili, zikuze juu ya fibroblasti za unyayo, zitaanza kutoa KRT9. Ndiyo maana kidonda cha kiganja, inapowezekana, huzibwa kwa ngozi ya upinde wa unyayo, pale pasipobeba uzito, badala ya ngozi ya paja inayokuja na demisi yake.

Na ukitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba jeni iliyolala haina madhara, wape KRT9. Kuna ugonjwa wa kurithi unaotokana na hitilafu kwenye jeni hiyo. Hitilafu ipo kwenye kila seli, kuanzia ini hadi ubongo. Ngozi inayokuwa nene na kupasuka ni ya viganja na nyayo tu.

---

Tabaka_la_Miiba

Narudi kwenye swali la tatu, la HaCaT. Ni rahisi kukuza, ni rahisi kukudanganya pia. Zilitolewa Ujerumani mwaka 1988 kwenye ngozi ya mtu mzima, na jeni yake ya p53, mlinzi dhidi ya saratani, ina hitilafu kwenye nakala zote mbili. Wengi huzikuza kwenye DMEM, yaani 1.8 mM tangu mwanzo, halafu "wanaongeza kalsiamu" kwa seli ambazo zimeogelea humo miezi. Ukitaka kuzitumia, zikuze kwanza wiki mbili hadi tatu kwenye kalsiamu ya 0.03 mM, na seramu iliyoondolewa kalsiamu kwa Chelex, mpaka KRT10 ishuke na KRT14 ipande. Hata hapo, KRT10 na involukrini zitakutii, lorikrini na filagrini zitakuwa dhaifu. Kwa swali lako la hatua ya pili, HaCaT itakurudisha palepale ulipo.

Bora zaidi hamia mfumo wa hewa na maji. Chujio la tundu 0.4 µm, seli 250,000 kwa sentimita mraba, kalsiamu 1.5 mM, vitamini C 50 µg kwa mililita, KGF (kichocheo cha ukuaji) 10 ng kwa mililita. Kesho yake ondoa maji ya juu kabisa, juu pabaki hewa, chini maji, ubadilishe kila baada ya siku mbili. Siku kama ya 11 utakuwa na matabaka yote, na lorikrini itaonekana kwenye kipande kilichokatwa kama mstari chini kidogo ya tabaka gumu. Ukiona seli zimelowa juu siku ya 3, chujio linavuja au hazikufunika lote. Kisima hicho kiache.

---

Seli_na_Sahani

Asanteni sana wakuu. Nimekwenda kuangalia chupa ya CaCl₂: ni ile kavu, na akiba ilitengenezwa kwa gramu 1.47 kwenye mililita 100, kwa mikrolita zilezile alizohesabu Tabaka_la_Miiba. Mashapo ya RIPA ya wiki iliyopita bado yako kwenye friza ya −80, sikuyatupa. Nianze na lipi?

---

Gel_ya_Usiku

Anza na mashapo, ni kazi ya siku moja. Yurea 8 M, DTT, pasha 37°C (usipite hapo, yurea ikipashwa moto zaidi inabadilisha protini), pakia na kipande cha ngozi pembeni. Ila ni ya siku ya 3, usitegemee bendi nene.

---

Tabaka_la_Miiba

Kuhusu akiba: kama poda ilikuwa kavu kweli, ulikuwa na 132 mM, na kisima kilipata karibu 1.55 mM badala ya 1.2. Kwa seli za binadamu hilo halijaua kitu. Kama ilishavuta unyevu, haijulikani iko wapi hasa. Imwage, nunua yenye maji mawili, pima upya, andika tarehe kwenye chupa. Na kabla hujagusa lorikrini tena, pima kalsiamu ya maji yako ya "0.06" baada ya kupanda seli, kabla ya kuongeza chochote.